Je, ni kweli Kinerethi maana yake ni kinubi? Asili ya jina la kale la Ziwa la Galilaya

Mwanajumuiya_Kirumba ameuliza:

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa lugha ya Kiebrania na historia ya nchi za Biblia.

Katika jumuiya yetu hapa Kirumba tunasoma kitabu cha Yoshua, na tulipofika sura ya 19, mstari wa 35, tulikuta mji uitwao Kinerethi ukitajwa pamoja na miji mingine yenye maboma iliyopewa kabila la Naftali. Mwenzetu mmoja akaeleza kwamba Kinerethi ni jina la zamani la Ziwa la Galilaya, kwamba maana yake ni kinubi, na kwamba ziwa lilipewa jina hilo kwa kuwa ukilitazama kwenye ramani lina umbo la kinubi. Wengi waliyapokea maelezo hayo kwa furaha, lakini mimi yalinikaa vibaya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mstari tuliokuwa tunausoma unataja mji, hautaji ziwa. Ya pili ni kwamba sisi tunaoishi kandokando ya maji makubwa tunajua kuwa umbo la ziwa halionekani kwa macho. Nikisimama Capri Point naona ghuba, naona visiwa na mitumbwi, lakini hakuna awezaye kuniambia kwa kutazama tu kwamba Ziwa Victoria lina umbo la kitu gani. Sasa watu wa kale, ambao hawakuwa na ramani wala ndege, waliujuaje mfano wa kinubi?

Ninachoomba kufahamu ni kama jina lilianza na mji au na ziwa, kama hicho kinubi kimo kweli ndani ya neno au kimetiwa baadaye na wahubiri, na kwa nini Agano Jipya linaliita ziwa hilohilo kwa majina matatu mengine, yaani Galilaya, Genesareti na Tiberia, bila hata mara moja kusema Kinerethi.

---

Mzee_wa_Igoma amejibu:

Ndugu Mwanajumuiya, Kinerethi na Genesareti ni jina moja lililotamkwa na watu wa nyakati mbili. Maana ya Genesareti ni "bustani za mkuu", kwa sababu pwani ile ilikuwa na mashamba mazuri. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na sioni haja ya kulihangaisha jambo hili zaidi.

---

Mwalimu_wa_Nyegezi amejibu:

Shikamoo Mzee wa Igoma. Hizo bustani za mkuu nitazirudia, kwa maana zina historia yake, ila kwanza nimjibu ndugu yetu aliyeuliza, kwa sababu mashaka yake yana msingi, ingawa moja kati ya yale mawili halitasimama.

Tuanze na mji. Ushahidi wa zamani kabisa wa jina hili hautoki katika Biblia, unatoka Misri. Katika kuta za hekalu la Karnak, Farao Thutmose wa Tatu, aliyetawala katika karne ya 15 K.K., aliamuru ichongwe orodha ndefu ya miji ya Kanaani aliyojitapa kuitiisha baada ya vita vya Megido, na miongoni mwa majina hayo limo moja ambalo konsonanti zake ni k-n-n-r-t. Orodha ile ni ya miji, wala hapana Farao ambaye angejigamba kwamba ameteka ziwa. Zingatia pia kwamba mwandishi wa Misri aliweka n mbili, na Kiebrania nacho huitamka n ya jina hili kwa kuirudufu, kumaanisha kwamba jina lilikuwa limekwisha kupata sura tunayoijua mapema sana. Jiwe la Farao Merneptah, ambalo ndilo andiko la kale kuliko yote linaloaminika kutaja Israeli, ni la mwishoni mwa karne ya 13 K.K. Kwa hiyo tunaposema "jina la Kiebrania" tuseme kwa uangalifu: Waebrania walilikuta. Lilikuwa jina la Wakanaani, na kwa kuwa lugha hizo mbili ni ndugu wa karibu sana, lilipokewa bila kubadilishwa.

Mabaki ya mji huo wanaakiolojia huyatambua katika kilima ambacho Waarabu hukiita Tell el-Oreimeh na ambacho kwa Kiebrania cha leo huitwa Tel Kinrot. Kipo upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa, kinatazama maji kwa upande mmoja na bonde dogo lenye rutuba kwa upande mwingine, na njia ya misafara ya kwenda kaskazini ilipita jirani. Mtu anayetafuta mahali pa kujenga boma hawezi kupata pazuri kuliko hapo.

Ukiusoma mfululizo wa aya zenyewe utaona jina likipanuka mbele ya macho yako. Yoshua 19:35 ni mji. Kumbukumbu la Torati 3:17 inataja Kinerethi peke yake kama alama ya mpaka, bila neno "bahari", na msomaji anaweza kuelewa mji au maji. Hesabu 34:11, pamoja na Yoshua 12:3 na 13:27, zinasema wazi "bahari ya Kinerethi", yaani maji yanatambulishwa kwa mahali palipo ukingoni mwake. Maoni yangu, na nadhani ndiyo maoni ya wengi wanaolishughulikia jambo hili, ni kwamba jina lilianza na mji, likaenea kwa wilaya iliyouzunguka, kisha likakamata ziwa.

Hapo basi maelezo ya umbo yanapata taabu. Kama jina lilikuwa la mji kwanza, umbo la ziwa halihusiki moja kwa moja na kuzaliwa kwake.

Lakini hoja yako ya pili, kwamba umbo halikuweza kuonekana, siikubali. Unalipima ziwa lile kwa ziwa letu, na hayo mawili hayapimiki kwa kibaba kimoja. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ziwa la Galilaya lina takriban 166 tu: urefu wake ni kama kilomita 21, na pale lilipo pana kabisa ni kama kilomita 13. Zaidi ya hayo, uso wake uko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, ndani ya bonde, huku milima ikilizunguka pande zote. Mchungaji wa kondoo aliyepanda juu ya majabali ya Arbel, au kwenye miinuko ya Golan upande wa pili, aliliona karibu lote kwa mara moja, likiwa pana upande wa juu na likisinyaa kuelekea kusini. Hakuhitaji ndege. Kwa hiyo kama nitayakataa maelezo ya umbo, sitayakataa kwa sababu hiyo.

---

Mkurya_wa_Musoma amejibu:

Nimeisoma mada hii kwa furaha kwa kuwa mimi ni mpigaji wa litungu, na ningependa kuchangia upande wa chombo chenyewe, maana watu husema "kinubi" bila kujua wanasema nini.

Chombo kinachoitwa kinnor katika Kiebrania, kile ambacho Daudi alikipiga mbele ya Sauli katika 1 Samweli 16:23, ni cha jamii ya litungu letu na nyatiti ya Wajaluo. Kina kisanduku cha sauti chini, mikono miwili inayopanda juu, na kijiti kinachoiunganisha mikono hiyo, ambapo nyuzi hufungwa na kukazwa. Hakifanani na kile kinubi kikubwa cha pembe tatu ambacho malaika huchorwa nacho kwenye kadi za Krismasi. Tunajua hivi kwa sababu kuna michoro. Mchongo wa Waashuru kutoka Ninawi unaonyesha wafungwa wakitembea huku wakipiga vyombo vya aina hiyo, na sarafu zilizotolewa na Wayahudi wakati wa uasi wa Bar Kokhba, kati ya mwaka 132 na 135 B.K., zina picha yake. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika kwamba kinyra, kama alivyokiita kwa Kigiriki, kilikuwa na nyuzi kumi na kilipigwa kwa kijiti, ingawa kitabu cha Samweli kinasema Daudi alipiga kwa mkono wake.

Ninalotaka kusema ni hili. Wanaosema ziwa lina umbo la kinubi mara nyingi wana yule malaika wa kadi kichwani, na chombo cha malaika ni pembe tatu iliyochongoka chini, ambayo kweli inafanana na ziwa lile kwenye ramani. Kinnor halisi ukikichora, na kisanduku chake na mikono yake miwili, mfanano unapungua sana. Sisemi haupo kabisa, kwa maana baadhi ya vyombo vya zamani vilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine na vilikaa upande. Nasema tu kwamba macho yetu yamefundishwa na picha zisizo za mahali pale.

---

Mwanajumuiya_Kirumba amejibu:

Nawashukuru sana wote wawili. Hoja ya milima sikuwa nimeifikiria hata kidogo.

Naomba Mwalimu anisaidie jambo moja. Tukiachilia mbali umbo, je, neno kinnor limo ndani ya Kinerethi au halimo? Na je, kuna mtu yeyote wa kale aliyelieleza jina hili, au maelezo yote ni ya siku hizi?

---

Mwalimu_wa_Nyegezi amejibu:

Ndugu yangu, swali hili la pili ndilo lenye utamu wote.

Kwa upande wa sauti, mizizi ni ileile: k, n iliyorudufiwa, na r. Kinnor ni neno la jinsia ya kiume, na Kinnereth lina t ya mwisho, ambayo katika lugha zile ni alama ya jinsia ya kike na hupatikana katika majina mengi ya mahali. Kwa hiyo kulihusisha jina na chombo si jambo la kulazimisha. Na chombo chenyewe ni cha zamani sana katika eneo lile. Neno kinnaru limo katika mabamba ya Ebla huko Siria, ya milenia ya tatu K.K., limo katika barua za Mari za karne ya 18 K.K., na limo katika maandishi ya Ugarit. Wamisri waliliazima pia. Hakuna kikwazo chochote cha wakati: mji wa Kanaani wa karne ya 15 K.K. ungeweza kabisa kuitwa kwa neno hilo.

Ila kufanana kwa mizizi si cheti cha ukoo. Inabaki kuonyeshwa kwa nini mji uitwe kwa jina la chombo cha muziki, na hapo kila mtu ana lake.

Wewe unauliza kama kuna mtu wa kale aliyelieleza. Yuko. Talmudi ya Babeli, yaani mkusanyiko wa mafundisho ya walimu wa kale wa Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Megila, ukurasa wa 6, inauliza swali lako hilohilo: kwa nini iliitwa Kinerethi? Jibu lake ni kwamba matunda yake ni matamu kama sauti ya kinubi. Angalia walichosema na wasichokisema. Kinubi kimo, ila umbo halimo! Wale walikuwa watu walioijua nchi ile, baadhi ya walimu waliotangulia katika mapokeo hayo waliishi Tiberia kwenyewe, ukingoni mwa maji hayohayo, na walipotafuta sababu ya jina hawakutaja kwamba ziwa lina sura ya kinubi. Walitaja matunda. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko hoja zote nilizotangulia kuzitoa kwamba maelezo ya umbo ni ya watu wa baadaye, waliozoea kuitazama nchi katika karatasi.

Sisemi kwamba maelezo ya matunda ndiyo asili ya kweli. Walimu wale walipenda kucheza na majina kama vile wazee wetu wanavyopenda kukifumbua kila kitu kwa methali, na ukurasa huohuo una majina mengine ya miji yaliyofafanuliwa kwa mtindo huo. Ila yanatuambia nini kilikuwa kichwani mwao waliposikia neno Kinerethi: walisikia kinubi, wakaona bustani.

Hapo sasa Mzee wa Igoma anapata haki yake. Ukurasa huohuo wa Talmudi unasema Kinerethi ndiyo Ginosari, na tafsiri ya Kiaramu ya Torati, inayojulikana kama Targumu ya Onkelosi, kila mahali panaposema "bahari ya Kinerethi" inaweka Ginosari au Genesari. Kwa hiyo Wayahudi wa kale waliyahesabu majina haya kuwa ya mahali pamoja. Lakini kwamba ni neno moja lililobadilika kwa matamshi, hapo nasita. K kuwa g ni jambo dogo, ila hiyo s ya katikati imetoka wapi? Haizaliwi yenyewe. Tafsiri ya "bustani za mkuu" inatokana na kulikata jina vipande viwili, gan yenye maana ya bustani na sar yenye maana ya mkuu, na imo katika maandiko ya zamani ya Wayahudi. Ni ya kale, lakini nayo ina harufu ya kulifumbua jina baada ya kulikuta.

Kitabu cha 1 Wamakabayo 11:67, ambacho ndugu zetu wa madhehebu mengine hawanacho katika Biblia zao, kinataja maji ya Genesari, bila ile t ya mwisho. Josephus naye anasema Genesari, na kuhusu bonde lile anaandika kwa mapenzi ambayo hakuyaonyesha mahali pengine pengi: kwamba mti wa baridi na mti wa joto huota humo pamoja, mti wa jozi karibu na mtende, na kwamba zabibu na tini hupatikana kwa miezi kumi. Luka 5:1 ndipo tunapokuta Genesareti kama jina la ziwa. Wapo wanaodhani kwamba ile -eti ya mwisho ni mkia wa Kinerethi ulioning'inia kwenye Genesari, na mimi wazo hilo linanivutia, maana linaeleza kwa nini jina linaonekana kwa sura mbili.

Galilaya na Tiberia hayana fumbo. Galilaya ni jina la jimbo, kutoka neno la Kiebrania galil, yaani duara au wilaya. Tiberia ni mji uliojengwa na Herode Antipa yapata mwaka 20 B.K. kwa heshima ya Kaisari Tiberio, ndiyo maana Yohana, aliyeandika wakati mji umekwisha kuwa mashuhuri, ndiye anayelitumia, katika sura ya 6 na ya 21.

---

Mkerewe_wa_Nansio amejibu:

Naunga mkono hoja kwamba jina lilitoka mjini likaenda majini, na ninaweza kuonyesha kwamba hapa kwetu limetokea jambo la namna hiyohiyo.

Kabla ya Speke kufika Mwanza mwezi Agosti 1858 na kulibatiza ziwa kwa jina la malkia wake, wafanyabiashara wa pwani waliokuja na misafara walilijua ziwa hili kwa jina la Ukerewe, na jina hilo limo katika maandishi ya wasafiri wa wakati ule sambamba na Nyanza. Ukerewe ni kisiwa. Mgeni alipouliza haya maji ni maji gani, alijibiwa kwa jina la mahali alipokuwa anaelekea au mahali bidhaa zilikotoka. Wenyeji wenyewe hawakuwa na haja ya jina maalumu: nyanza ni maji makubwa, na mtu anapokuwa na maji makubwa ya namna moja tu hana sababu ya kuyatofautisha na mengine. Wajaluo wana nam, ambalo nalo ni maji makubwa, na wanapotaka kulitaja ziwa kwa jina husema Lolwe. Waganda wana Nalubaale. Kila pwani na jina lake.

Hili linanipeleka kwenye neno "bahari". Miaka mingi nimesikia watu wakibishana kwamba Biblia imekosea kuliita ziwa dogo lile bahari. Haijakosea. Kiebrania kina neno yam, ambalo hutumika kwa bahari na kwa ziwa bila ubaguzi, sawasawa na nyanza na nam. Mathayo na Marko, ingawa waliandika Kigiriki, walifuata desturi hiyo wakatumia neno la bahari. Luka, ambaye Kigiriki chake ni cha msomi, ndiye aliyeandika "ziwa".

Na kuhusu umbo, ndugu Mwanajumuiya ana haki kwa upande wetu. Ilimpasa Stanley kuondoka Kageye, hapo Magu, mwaka 1875 na kuzunguka ziwa lote kwa mashua ndipo wachora ramani wa Ulaya walipopata sura yake. Wavuvi wa Ukerewe hawakuwa wakiisubiri sura hiyo ndipo wapate kwenda kuvua.

---

Mchungaji_Sengerema amejibu:

Bwana asifiwe. Nimefuatilia kwa makini na nimefaidika, ila nina tahadhari. Nimewahi kusoma mahali kwamba Kinerethi lilikuwa jina la mungu mke wa Kikanaani, na kwamba mji uliitwa kwa jina lake. Maneno ya namna hii huletwa ili kuwayumbisha waumini. Mwalimu, je, yana ukweli wowote, au ni upepo?

---

Mwalimu_wa_Nyegezi amejibu:

Mchungaji, asante kwa swali, na nitalijibu bila kuficha upande wowote.

Lililo thabiti ni hili: katika mabamba ya Ugarit, mji wa pwani ya Siria ulioteketea mwanzoni mwa karne ya 12 K.K., kuna orodha za miungu waliotolewa sadaka, na katika orodha hizo limo neno knr, yaani kinubi. Chombo chenyewe, kwa kuwa kilitumika katika ibada, kilihesabiwa kuwa na uungu. Kutoka hapo wasomi wachache wakapiga hatua ya pili: kama palikuwa na kinubi kitakatifu, huenda palikuwa na mungu mke mwenye jina la kike la neno hilo, na huenda mji wa Kinerethi ni wake.

Hatua ya pili inasimama kwa mguu mmoja, lakini huo mguu upo. Katika Yoshua 11:2 na 1 Wafalme 15:20 jina linaandikwa kwa wingi, Kinerothi. Sasa linganisha na majina mengine mawili yenye mwisho huo. Anathothi, mji aliotoka nabii Yeremia, unahusishwa na Anathi, mungu mke mashuhuri wa Wakanaani. Ashtarothi, mji wa ng'ambo ya Yordani, unahusishwa na mungu mke Ashtorethi, yaani Astarte. Yeyote anayeona majina hayo matatu yamepangwa pamoja atashawishika. Lakini Anathi na Astarte tunawajua kwa hadithi zao, sanamu zao na majina ya watu waliowaabudu, ilhali huyo anayesemwa wa Kinerethi tunamjua kwa jina la mji tu, na jina la mji ndilo tunalotaka kulieleza. Huko ni kuzunguka mti. Kwa hiyo mimi nalihesabu kuwa wazo, silihesabu kuwa habari.

Hata hivyo, Mchungaji, sioni tishio. Yeremia hakupungukiwa na unabii kwa kuzaliwa Anathothi, na Beth-shemeshi, maana yake nyumba ya jua, ndipo sanduku la agano lilipopokewa liliporudi kutoka kwa Wafilisti. Waisraeli waliirithi nchi pamoja na majina yake, na Biblia haikujitaabisha kuyafuta yote.

---

Mkurya_wa_Musoma amejibu:

Kinerothi kwa wingi hakuwezi kumaanisha "vinubi" tu? Katika Kiebrania wingi wa kinnor si kinnorothi?

---

Mwalimu_wa_Nyegezi amejibu:

Wingi wa chombo ni kinnorothi, naam, wenye o baada ya n. Jina la mahali lina e. Maandishi ya zamani yasiyo na irabu yangeweza kuyachanganya, lakini waliotuhifadhia matamshi waliyatenganisha, na mimi nawafuata wao. Katika 1 Wafalme 15:20 naona wingi huo ukieleweka vizuri zaidi kama wilaya nzima, maana Ben-hadadi mfalme wa Shamu anasemwa amepiga Iyoni, Dani, Abeli-beth-maaka, "Kinerothi yote" na nchi yote ya Naftali. "Yote" haisemwi kwa mji mmoja mdogo.

Na kwa kuwa ndugu Mwanajumuiya ana kipindi cha kuongoza, namshauri wausome mstari huo sambamba na 2 Mambo ya Nyakati 16:4, ambao unasimulia vita hivyohivyo kwa maneno yaleyale karibu yote. Mahali ambapo Wafalme wanasema Kinerothi, Mambo ya Nyakati, kitabu kilichoandikwa karne kadhaa baadaye, kinasema miji ya hazina ya Naftali. Katika Kiebrania neno linalotafsiriwa hazina hapo, miskenoth, lina k, n na th kwa utaratibu uleule, kwa hiyo inawezekana mnakili aliona herufi zilizofifia akasoma neno alilolijua. Inawezekana pia kwamba mwandishi alilisoma jina sawasawa lakini wasomaji wake hawakuwa wanalifahamu tena, akawawekea kitu watakachokielewa. Mimi naelekea kwenye hili la pili, kwa sababu ndilo linalojibu sehemu ya mwisho ya swali lililofungua mjadala: kufikia wakati wa Agano Jipya, Kinerethi lilikuwa jina la kwenye kitabu, na wavuvi wa pale walikuwa na majina mengine matatu ya kuitia pwani yao.

---

Mwanajumuiya_Kirumba amejibu:

Nimezipata aya zote mbili, na kweli zinatofautiana hapohapo. Alhamisi tutazisoma pamoja, na yule mwenzetu wa kinubi nimemwomba alete Talmudi yake ya matunda badala ya ramani.